Kipepeo cha Katana

Katana, tarehe 5 mwezi wa pili 2023

Hervé mutoto wangu,

Amani ya Yesu ikukute mu nyumba yenye uko, na Élodie muchumba wako pia kama amepita kukusalimia. Mimi niko muzima. Goti njo inanisumbua wakati wa mvua, lakini haitaniua. Mbuzi ilizaa mapacha, moja ikakufa, ingine inanyonya vizuri. Papa yako Honoré kikohozi kilimuachia na sauti imerudi, tunaisikia kilima muzima. Hii barua inaletwa na Maombi, jirani yangu mwenye kuuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ku soko ya Nyawera. Umupe chai na mukate, asirudie na njaa mpaka huku.

Unajua juu ya nini sikuongelee kwa telefone. Tunachajia telefone kwa papa yako, ku panneau yake ya jua, na mimi na haya masikio yangu naongea kwa nguvu. Neno moja kwako linakuwa neno la majirani wote wa parcelle.

Na neno liko. Shemeji yangu, papa yako, amerudilia ile hadithi yake ya shamba. Anasema ndugu yake mukubwa, marehemu bwana yangu Zagabe, hakununua hii udongo kwa kalinzi, ile ya kubakia yako milele, aliichukua tu kwa bwasa, ya kulima musimu moja moja na kurudisha. Nilimujibu mbele ya watu: shemeji, tangu lini mutu wa bwasa anapanda ndizi? Mutu wa bwasa anapanda maharagi, anavuna, anatoka. Ndizi inapandwa na mwenye alitoa ng'ombe kwa chef wa kijiji, mwenye anajua atabakia. Wale walishuhudia ng'ombe ya Zagabe wamekufa wote, ni kweli. Lakini ndizi zimesimama na njo zinanisemea. Alitemea chini, akaenda. Sina mutoto wa tumbo yangu wa kusimama nyuma yangu, anajua ile. Anasahau tu kama niko na wewe.

Basi tuache hiyo, nilitaka kukuandikia ya furaha. Jana jua ikishuka niliona kipepeo mu ndizi. Wewe nilikulea ku mugongo tangu mama yako alikufa ukiwa na miezi tatu, na vipepeo vyako nilivijua kushinda rozari, vile ulikuwa unachoma na miiba ya muchungwa ku karton ya sabuni. Hiki hakikuwamo. Ni kikubwa, rangi ya kahawa, na madoa ya njano ku mabawa, na macho mekundu sawa mutu mwenye hakulala. Tena hakipepee. Kinaruka, kinaanguka, kinaruka. Nilikifunika na kitenge mpaka kikachoka. Nimekiweka mu karatasi ya pembe tatu vile ulinifundisha, ni hii Maombi anakupa. Usiseme tena kama mama yako wa kijijini hana zawadi.

Mama yako,
Domitille

Ndizi zingine zinakunja majani sawa sigara. Nilifungua moja, nikakuta ndani mududu mweupe, amejipaka kama unga. Nilicheka peke yangu.


Bukavu, 21/02/2023

Maman mupendwa,

Nakusalimu sana, na Élodie anakusalimu. Maombi alikula vizuri, akakula tena, na nilimufungia mikate ya kwako. Hapa Muhungu mvua ilibeba ukuta wa jirani lakini kwetu tuko salama. Wazazi wa Élodie wamekubali kunipokea, nadhani mwaka huu hautaisha bila kuongea mambo ya mahari. Utakuwa na mukwe, jitayarishe kumutesa.

Maman, nilipofungua ile karatasi nilikaa chini. Niliita wenzangu wote wa biro, tukapima mabawa, tukafungua vitabu. Ni hespérie, vile vipepeo vya kurukaruka, lakini hii ni ile ya migomba. Kwao ni Asia, na visiwa vya mbali huko baharini. Hakuna mutu aliyewahi kuiandika upande huu wa ziwa. Hakuna. Na wewe uliifunika na kitenge! Nimekuwa mu huu mradi wa kulinda mimea kwa miaka, nahesabu viwavi vya mihogo, hakuna aliyejua jina langu. Wiki hii mukubwa wetu ameniita mara mbili kwa jina.

Nisikilize vizuri sasa. Yale majani ya kukunja usiyaguse, usiyachome, usipe mbuzi. Niandikie ni migomba ngapi iko nayo, na safu gani. Usimuambie mutu, hata Papa. Papa nitamuambia mimi mwenyewe. Nitakuja na gari ya mradi mwezi ujao, upike zile ndizi na sambaza, nina hamu.

Mutoto wako,
Hervé


Katana, tarehe 2 mwezi wa ine 2023

Hervé,

Salamu kutoka kwa watu wote wenye walikuona. Wasichana wa shuleni wanaimba tu jina la gari yenu. Ile mbuzi ndogo inakimbia sasa. Maombi aliungua mukono na mafuta ya kukaanga, lakini anaendelea na soko.

Aksanti kwa kufika. Ulikula sahani mbili, niliona. Wale wenzako wawili wa nyavu ni watoto wa heshima, walinawa mikono bila kuambiwa. Sikupenda ulilala kwa papa yako. Kitanda chako nilikuwa nimetandika, na nilianika blanketi tangu Jumatatu. Lakini mutoto anaweza kulala kwa papa yake, sigombane juu ya ile.

Ninauliza kitu moja. Kabla ya kupanda gari mulifunga kamba nyekundu ku ndizi zangu, moja moja, kuanzia njia mpaka mufereji. Nikakuuliza, ukasema ni ya kuhesabia. Sasa watoto wanapita na kusema kamba nyekundu ni ya kukata, waliiona kwa miti ya barabara wakati wa kupanua. Nimewafukuza. Niambie wewe.

Na kitu cha pili. Ng'ambo ya mufereji, mu ndizi za papa yako, majani inajikunja pia, tena kushinda kwangu. Nilisimama ku mupaka na nikaona na macho yangu. Huko hakuna kamba hata moja. Labda muliishiwa kamba.

Mama yako,
Domitille


Bukavu, 30/04/2023

Maman mupendwa,

Unisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa Bujumbura, ku mukutano wa wataalamu wa wadudu kutoka inchi saba. Nilisimama mbele yao na kipepeo chetu ndani ya kisanduku cha kioo. Walipiga makofi, Maman. Muzee moja mwenye anafundisha tangu sijazaliwa alikuja kunishika mukono. Ku kile kikaratasi cha chini ya sindano wameandika Katana, tarehe, na jina la aliyekikamata. Waliandika langu. Wanataka jina la mutu wa kazi, ndiyo utaratibu, lakini mimi najua na wewe unajua, inatosha. Élodie alikata picha yangu ya gazeti. Pole kwa Maombi na mukono wake.

Kuna jambo dogo. Kipepeo kikiwa kigeni namna hii, utaratibu ni kukata migomba yote ya shamba ambamo kilikutwa, kung'oa mizizi na kuchoma. Udongo unabaki mutupu misimu miwili, wadudu wafe. Baadaye mradi unaleta vitoto vya ndizi safi, bila magonjwa, vinazaa haraka kuliko zako za zamani. Nitavileta mimi mwenyewe ndani ya gari. Usiwe na woga, ni migomba tu, inarudia.

Mupaka wa kukata ni mufereji. Kwa Papa nilipita, sikuona kitu.

Mutoto wako,
Hervé


Katana, tarehe 11 mwezi wa tano 2023

Hervé mutoto wangu,

Nakusalimia. Siku hii sina habari ya mbuzi.

Nilisoma barua yako mara nyingi, nikamupa Maombi pia asome, juu nilifikiri labda macho yangu inanidanganya. Unasema ni migomba tu. Wewe ulizaliwa hapa kwetu Bushi ao ulizaliwa Bujumbura? Ulikuwa unafikia tu magoti yangu wakati Zagabe alikuwa anapanda zile za karibu na njia, ulikuwa unamupa maji na kopo, ya kukanyagia udongo. Unajua vizuri kitu gani ndizi inasema hapa kwetu. Ikisimama, mwenye shamba iko. Ikilala, kila mutu anaweza kuja kusema yake. Papa yako anangojea tu ilale. Ukikata ndizi zangu, umenikata ulimi, na wewe njo utakuwa umeshika panga.

Sikatae kazi yako. Kama mududu ni mubaya, ni mubaya. Lakini fanya moja ya haya. Kata nusu, uache safu ya njia. Kama haiwezekane, basi kata pande mbili za mufereji, juu mududu iko pande mbili, na chef aone kama hakuna mwenye ameonewa. Na kama ile pia haiwezekane, mulete chef mu shamba mbele ya kukata. Atembee mu ndizi, azione zimesimama, aone unene wake, asikie mimi naita jina la mwenye alizipanda. Kisha mukate. Nitashika hata kuni za kuchomea.

Ni ile ya mwisho naomba kwa nguvu. Ni saa moja tu ya chef. Kasiksi, pombe ya hizi ndizi, njo ilikulipia minerval ya shule tangu ya kwanza mpaka diplôme, na sijawahi kukukumbusha. Nakukumbusha leo, na ninajisikia vibaya kufanya vile.

Mama yako,
Domitille


Bukavu, 9/06/2023

Maman,

Natumaini uko muzima. Hapa tuko muzima.

Kukata kutakuwa Jumanne tarehe 20. Chef amekwisha kujulishwa, Papa alimupitia. Hakuna lazima ya chef kutembea shambani, na kwa utaratibu watu wasio wa kazi hawaruhusiwi kuingia ndani ya kamba. Mimi nitakuwa na mission ya kazi Uvira, lakini timu inajua kazi.

Siku hiyo usikae karibu. Moshi wa mafuta ni mubaya kwa mutu wa umri wako.

Hervé


Katana, tarehe 16 mwezi wa saba 2023

Hervé,

Salamu. Maombi mukono umepona, umebakia alama. Mbuzi nimeuza zote mbili.

Hukuwa hapa, basi nakuambia. Walifika asubuhi na panga mupya. Vijana wa hapa hapa, watoto wa watu ninaowajua, walipewa kazi ya siku na fulana ya mradi. Hakuna mwenye aliniangalia. Ndizi ikikatwa inatoa maji mingi, unajua, mpaka njia yote ikawa matope, na watu wenye walikuwa wanaenda misa walitoa viatu. Walianza na zile za Zagabe. Mikungu ilikuwa bado kijani, nikaomba nibakize moja ya kupika, mwenye kuongoza akasema haiko mu utaratibu. Alisema neno hilo hilo lako. Walimwaga mafuta, wakachoma, ikavuta moshi mpaka kesho yake. Mimi nilisimama. Hakuna mwenye alinitoa pale.

Sasa nisikilize hii. Wakati moto bado unawaka, papa yako alikuwa ng'ambo ya mufereji na miche ya eucalyptus. Ilikuwa mu sachet za plastiki, imepangwa, imemwagiwa maji, kila moja urefu wa mukono. Eucalyptus haifike urefu wa mukono kwa wiki moja. Mutu aliipanda mu sachet wakati wewe ulikuwa bado unaniandikia kama utaleta vitoto vya ndizi safi. Nani alimuambia shamba litakuwa tupu? Sikuulize kwa hasira. Ninakuuliza unijibu.

Majivu ilipoa, akavuka, akapanda. Misimu miwili ya udongo mutupu haimuhusu yeye, naona. Nilimuita mbele ya chef. Chef amesema tutasikilizwa tarehe 14 ya mwezi wa tisa, na anataka mushuhuda mwenye aliona ndizi zimesimama. Majirani wote wanaogopa papa yako, wanachajia kwake. Umebakia wewe. Sitaki useme mengi. Simama tu mbele ya chef useme: hii shamba ilikuwa na ndizi, zilipandwa na papa mukubwa Zagabe, mimi nikiwa mutoto niliona, na mimi mwenyewe nilitoa amri ya kukata juu ya kipepeo. Basi. Urudie Bukavu.

Mama yako,
Domitille


Katana, tarehe 3 mwezi wa tisa 2023

Hervé,

Nakusalimia. Sijapata jibu.

Maombi anasema alifika kwako na barua yangu mu mukono, akakuona ku dirisha, ukarudisha pazia, kisha Élodie akatoka kumuambia uko mu mission. Nilimugombeza Maombi. Nilimuambia aliona mutu mwingine, mutoto wangu hamujifiche mwenye kuuza sambaza. Unisaidie nisiwe nimegombeza mutu bure.

Ni tarehe 14, asubuhi, kwa chef. Nitakuwekea chakula.

Mama yako,
Domitille


Bukavu, 22/10/2023

Mama Domitille mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini goti linaendelea vizuri sasa mvua imeanza. Élodie na wazazi wake wanakusalimu kwa heshima zote.

Najua una hasira na mimi tangu siku ile kwa chef. Ulitoka bila kuniaga, na chakula ulichonipikia alikila dereva. Nataka tuelewane, kwa sababu sikusema uongo hata neno moja. Chef aliniuliza kama niliikuta migomba, nikasema ndiyo, niliikuta, ilikuwa na wadudu. Akaniuliza ni nani aliyeipanda. Nilijibu kama mtu wa kazi anavyopaswa kujibu: mimi ni mtaalamu wa wadudu, siyo wa mipaka. Unasema nilikuwepo na kopo la maji. Mtoto wa umri ule anakumbuka nini? Ningeapa kwa kitu ninachosimuliwa? Wewe ndiye ulinifundisha kusema kweli. Ulivyoinuka ukaonyesha mgongo wako ulionibebea, watu walicheka, na mimi niliona aibu kwa ajili yako. Papa hakucheka, nataka ulijue hilo.

Miche ya eucalyptus uliniuliza. Hayo ni ya zamani sasa.

Nina habari ambayo itakufurahisha. Kile kipepeo kimeonekana Minova, kimeonekana Kavumu, wiki iliyopita mwanafunzi alinipigia kutoka Bunyakiri. Kiko kila mahali, labda kilikuwepo mwaka mzima na hakuna aliyeinua macho. Kwa hiyo mradi umeamua hakuna tena kukata, haina faida. Watu watafundishwa kutoa majani yaliyokunjwa na kuyaponda. Hata kwa Papa kipo, ulikuwa umeona vizuri. Basi shamba lako ndilo la kwanza na la mwisho lililokatwa, na katika kitabu tunachoandika litatajwa kwa kilomita na mita za kimo. Ni heshima ambayo watu wengi hawaipati. Vitoto vya ndizi havitakuja, sababu vilikuwa vya wale waliokatiwa, na mpango huo umefungwa.

Tangu chef aamue shamba ni la Papa, Papa amenipa sehemu ya juu, pale karibu na njia, nijenge. Élodie alisimama pale akaona ziwa lote mpaka kisiwa cha Idjwi, alifurahi sana. Tutang'oa eucalyptus upande huo. Sehemu ya chini nilikuombea, na Papa amekubali: unaweza kulima maharagi kwa bwasa, musimu kwa musimu, unapeleka kikapu kimoja kwake wakati wa kuvuna kama wengine. Nilimsihi sana, usifikiri sikukupigania.

Na la mwisho, ambalo ndilo linalonifanya nichukue kalamu. Mahari tumepanga tarehe 20 Januari, hapa Bukavu, na ndoa Aprili. Wazazi wa Élodie ni watu wa desturi. Wanataka wamuone mama wa kijana ameketi katika kiti cha mama, apokee salamu na kuzijibu. Nimewaambia nina mama, na wanakusubiri. Nimekununulia kitenge cha bluu, sawa na cha familia, Maombi atakuletea. Njoo siku moja mbele ili upumzike. Yaliyopita tuyaache Katana.

Mtoto wako anayekupenda,
Hervé


Katana, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 2023

Hervé,

Amani iwe kwako na kwa Élodie. Maombi ni muzima, musimu wa sambaza ni muzuri. Ninalala kwake, ku chumba cha nyuma, na watoto wake wamenizoea. Nyumba yangu paa iliungua pembeni ile siku ya moto na hakuna majani ya kuziba. Sikukuandikia ile mbele, nakuandikia sasa.

Kitenge kimefika. Ni kizuri, nimemupa Maombi akurudishie, na hii barua iko ndani. Uangalie vizuri, sijakikunjua.

Maharagi sitalima. Kikapu cha kwanza nikimupelekea papa yako, nitakuwa nimesema kwa mukono yangu kama Zagabe alikuwa mutu wa bwasa. Njo mulikuwa munangojea, wewe na yeye. Munataka nimalizie ile panga haikumaliza. Hapana. Udongo mumechukua, ile neno hamutalipata kwangu. Maombi anasema nitakufa njaa na kichwa ngumu. Nilimujibu labda.

Watu walicheka mugongo yangu, ni kweli, nilisikia. Mimi sikuwa naionyesha kwao. Nilikuwa naionyesha kwako, na ulikuwa unaangalia viatu.

Tarehe 20 sitakuja, na ku kile kiti usikalishe mutu mwingine mu nafasi yangu ao mu jina langu. Wazazi wa Élodie watauliza mama ya kijana iko wapi. Usitafute maneno mingi. Uwaambie alikufa ukiwa na miezi tatu, na hakuna mama mwenye alikuja kisha yake. Ya kwanza ni kweli, kila mutu wa Katana atakushuhudilia. Ya pili nimekupa ruhusa ya kuisema.

Domitille,
mujane wa Zagabe